Nyumba ya Nyasi ya Abagusii: Majibu kwa Maswali Yanayoulizwa Masimba

Ukisimama sokoni Masimba, Kaunti ya Kisii, na kutupa macho vilimani, unachokiona ni mabati: mapya yanayong'aa, ya zamani yaliyoshika kutu, mengine ya rangi ya damu ya mzee na ya kijani. Mara mojamoja, nyuma ya migomba, hujitokeza paa la nyasi. Aghalabu ni jiko la mama mzee ambaye wanawe walimjengea nyumba ya mabati, naye akakataa kuuhama moto wake. Mapaa hayo yanazidi kupungua. Wapo wanaoona ni vyema yaishe. Wapo pia wanaohisi kuna kitu kinapotea, ila hawajui pa kuanzia kukiokoa. Maelezo haya ni ya makundi yote mawili.

Nyumba ya jadi ya Abagusii (Wakisii) ilikuwaje?

Ilikuwa ya duara, kuta zake za fito zilizokandikwa udongo, na paa la nyasi lililochongoka kileleni. Haikuwa na madirisha. Ndani iligawanywa sehemu mbili: eero, mahali ambapo mwenye boma alipokea wageni wake, na upande wa ndani, wa mama, wenye moto, vyungu na malazi.

Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba nyumba ilikuwa ya mke. Mume mwenye wake watatu hakuwa na nyumba yake ya kulala. Alilala kwa zamu kwa wakeze, na labda alikuwa na kibanda kidogo cha kukaa mchana. Vijana waliokwisha kutahiriwa walikuwa na nyumba yao, esaiga. Nje palisimama maghala ya wimbi, yaliyoinuliwa juu ya ardhi ili unyevu na panya visiifikie nafaka. Vyote hivyo pamoja vilikuwa omochie, yaani boma zima.

Maboma hayakubanana kijijini. Kila moja lilikaa katikati ya mashamba yake, mlima huu na ule, isipokuwa upande wa Mugirango Kaskazini, ambako hofu ya mashambulizi ya Wakipsigis iliwafanya watu wajenge vijiji vyenye ngome. Ng'ombe wengi nao hawakulala nyumbani. Walikuwa malishoni, katika ebisarate, kambi zilizolindwa na vijana wenye silaha, mpaka serikali ya kikoloni ilipozivunja mwaka 1913.

Ilijengwa na nani, na kwa ufundi gani?

Wanaume walikata miti, wakachimbia nguzo kwa mviringo, wakafunga fito na kuezeka. Wanawake walikandika kuta. Haikuwa kazi ya mtu mmoja na mkewe. Mwenye nyumba aliita risaga, majirani wakaja kwa wingi, kazi ikapigwa, na jioni watu wakanywa amarwa, pombe ya wimbi. Hakuna aliyelipwa fedha, na hakuna aliyesahau nani alifika na nani hakufika.

Paa ndilo lenye ufundi mkubwa, na hapo inafaa tukae kidogo. Nyanda za juu za Gusii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, nayo hunyesha karibu miezi yote. Jani moja la nyasi haliwezi kuzuia mvua hiyo. Kinachoizuia ni mpangilio. Mtazame mwezekaji mikono: huchukua kishungi cha nyasi kavu, hugongagonga mashina yake mpaka yalingane, hukilaza juu ya fito, hukikaza kwa kamba, kisha huweka cha pili kukigusa. Huanzia chini kwenye upenu na kupanda juu, na kila safu hufunika mafundo ya kamba za safu iliyotangulia. Tone la mvua likidondoka huteleza kutoka jani hadi jani mpaka upenuni, nalo halipati muda wa kuzama. Sehemu ya nje pekee ndiyo inayolowa. Ndiyo sababu mwinamo wa paa si wa urembo. Likilala sana, maji husita, nyasi huoza, na msimu haupiti kabla nyumba haijaanza kuvuja.

Upenu nao ulitokeza mbali kuliko ukuta. Udongo ni ukuta mzuri mradi usipigwe na mvua moja kwa moja, na upenu mpana ndio ulioukinga. Mafundi hawa hawakusoma vitabu vya uhandisi, lakini kila kipimo chao kilikuwa na sababu.

Ukiingia ndani na kuinua macho, utaona fito zimezunguka duara juu ya duara, kila moja dogo kuliko la chini yake, hadi zinakutana kileleni. Zote ni nyeusi kwa masizi, zinang'aa kama zilizopakwa vanishi. Moshi wa miaka mingi ndio rangi hiyo.

Mbona haikuwa na madirisha? Moshi haukuwaua watu?

Swali hili linastahili jibu la kweli, si la kutetea mila tu. Upande wa Masaba, huku kwetu, ni wa baridi, hasa usiku na asubuhi. Ukuta mnene wa udongo hunyonya joto la mchana na la moto, kisha hulirudisha polepole usiku. Nyasi zina hewa nyingi iliyonaswa ndani yake, kwa hiyo huzuia joto lisitoroke juu. Nyumba isiyo na dirisha ilihifadhi joto na pia ilikuwa salama zaidi dhidi ya wezi na wanyama. Moshi ulipanda na kupenya nyasi taratibu. Njiani ulikausha paa, ukafukuza wadudu waharibifu na kuhifadhi mbegu zilizotundikwa juu ya moto. Paa la nyumba isiyowashwa moto huoza mapema; kila mzee aliyewahi kuezeka atakwambia hivyo.

Lakini mapafu si nyasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 pekee, na waathiriwa wakubwa ni akina mama na watoto wadogo wanaoshinda karibu na jiko. Kwa hiyo anayetaka kuhifadhi nyumba hii hana sababu ya kuhifadhi moshi wake machoni mwa mtoto. Jiko la kupikia likae nyumba nyingine au liwekewe bomba la kutolea moshi. Moto mdogo wa mara kwa mara, bila mtu kulala ndani, unatosha kukausha paa.

Ina maana gani kwa familia, zaidi ya kuwa mahali pa kulala?

Nyumba hii ilikuwa sheria iliyojengwa kwa miti. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na kila nyumba ilikuwa na mashamba yake na ng'ombe wake. Watoto wa mama mmoja walirithi vya nyumba ya mama yao. Mahari ya dada ndiyo iliyomsaidia kaka wa tumbo moja kuoa. Ugomvi mwingi wa mashamba unaofikishwa leo kwa machifu na mahakamani Kisii na Nyamira huwezi kuuelewa bila kujua kwamba zamani mpaka wa urithi ulianzia mlangoni kwa mama.

Kisha kuna chinsoni, kanuni za heshima na haya baina ya vizazi. Mvulana akishatahiriwa hakuingia tena ovyo sehemu ya ndani ya nyumba ya mamake, na baba hakuingia nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ule ukuta mdogo kati ya sehemu ya wageni na sehemu ya mama ndio uliowezesha watu wa vizazi vitatu kukaa boma moja bila kuvunjiana heshima. Hata mazishi yalifuata nyumba: mwanamume alizikwa upande wa kulia, mwanamke upande wa kushoto. Familia nyingi bado hufuata hilo, ingawa nyumba yenyewe sasa ni ya matofali na ina pembe nne.

Kwa nini zimetoweka?

Sababu ni nyingi, na si zote za hiari.

Waingereza walianzisha kituo chao Getembe, mji wa Kisii wa leo, mwaka 1907. Januari 1908 Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki ofisa wao, Geoffry Northcote, aliyenusurika. Kikosi cha kuadhibu kilikuja, kikaua watu, kikanyang'anya ng'ombe na kuchoma nyumba. Kwa maboma mengi hiyo ndiyo kumbukumbu ya kwanza ya serikali: moshi wa paa lao wenyewe. Kisha ikaja kodi ya nyumba, iliyokuwa imewekwa kisheria katika himaya yao tangu 1901. Nyumba zilihesabiwa mojamoja, na mwenye wake wengi akalipia kila moja. Ili kupata fedha ya kodi, vijana walikwenda kufanya kazi za mshahara mbali na kwao.

Wamisionari nao walifika, Wakatoliki Nyabururu na Waadventista Nyanchwa, kuanzia mwaka 1911 na miaka iliyofuata. Shule, kanisa na nyumba ya mwalimu vilikuwa na pembe nne. Muda si muda, msomi na Mkristo alitambulika kwa umbo la nyumba yake. Katika miaka ya 1930 Gusii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, baadaye ikafuata pareto, kisha chai. Fedha za mazao hayo ziligeuka mabati. Na tusiwadharau walioyanunua. Bati halihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, halishiki moto upesi, na hukinga maji ya mvua yakaingia kwenye tangi badala ya binti kubeba mtungi kutoka mtoni. Leo takriban kaya nane kati ya kumi nchini Kenya zinaishi chini ya bati.

Sababu ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, nayo haisemwi sana: nyasi hazipo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba. Mbuga zilizotoa nyasi ndefu za kuezekea zimekuwa mashamba ya chai, migomba, mikalitusi, na napia ya ng'ombe wa maziwa. Mtu mwenye robo ekari hana kona ya kuachia nyasi zikue hadi kiunoni. Hata leo ukipata fundi, atakuuliza kwanza nyasi utazitoa wapi.

Si ni ishara ya umaskini? Kwa nini tuhifadhi umaskini?

Kuishi kwa lazima chini ya paa linalovuja ni umaskini, na mtu wa aina hiyo anahitaji nyumba bora, si hotuba ya utamaduni. Lakini paa la nyasi lenyewe si umaskini. Tazama Ayalandi, kisiwa cha baridi na mvua huko Ulaya. Nyumba za wakulima wao zilikuwa ndefu, zenye upana wa chumba kimoja, kuta za mawe au udongo zikapakwa chokaa nyeupe, moto wa mboji katikati, na paa la mabua ya ngano, shayiri au matete. Pwani ya magharibi, kwenye upepo mkali wa Atlantiki, paa lilifungwa kwa kamba kwenye mawe ya ukutani lisipeperuke. Karne ya 20 Waayalandi wengi waliona haya na nyasi zao, wakaezeka kwa vigae na bati, kama sisi tu. Zilipobaki chache ndipo wakashtuka. Leo nyingi ziko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kwa sheria, na serikali huchangia gharama za kuezeka upya. Hata hivyo wenye nyumba bado wanahangaika kupata mafundi na bima. Hiyo ndiyo bei ya kuchelewa.

Rwanda ilichukua njia nyingine. Kampeni iliyojulikana kama Bye Bye Nyakatsi iliondoa makumi ya maelfu ya nyumba za nyasi nchini kote kufikia 2011. Wengi walipata mabati. Lakini baadhi ya familia, hasa za Wabatwa, zilibomolewa nyumba kabla ya kujengewa nyingine, zikalala nje. Kwangu mimi funzo ni dogo na la wazi: usibomoe kabla hujajenga, na usimfundishe mtoto kuidharau kazi ya mikono ya babu yake ili akubali bati.

Udongo na nyasi havidumu. Vinawezaje kuwa urithi?

Nenda Migori, jirani zetu, ukaone Thimlich Ohinga. Kuta zake za mawe yasiyo na saruji zimesimama kwa karne kadhaa, na mwaka 2018 UNESCO iliziweka katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Ndani ya kuta hizo palikuwa na nyumba za miti, udongo na nyasi. Zilizobaki ni alama za mabonde madogo ardhini. Hivyo ndivyo nyumba ya aina hii inavyoisha pale ambapo hakuna anayeiezeka tena.

Sasa nenda Kasubi, Kampala, kwenye makaburi ya makabaka wa Buganda. Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa mwaka 1882 ikiwa kasri la Muteesa wa Kwanza. Paa lake ni la nyasi, na ndani limeshikwa na pete 52 zinazowakilisha koo za Buganda. Kazi ya kuliezeka ni ya ukoo wa Ngeye kwa jadi. Machi 2010 nyumba hiyo iliteketea kwa moto. Ilijengwa upya, na mwaka 2023 makaburi hayo yakaondolewa katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini. Miti na nyasi za 1882 hazipo tena, lakini urithi upo, kwa sababu mikono inayojua kazi ipo. Kwa nyumba ya nyasi, ujuzi ndio jengo lenyewe. Fundi wa mwisho akizikwa, hakuna makumbusho yatakayoirudisha.

Sheria ya Kenya inasemaje?

Chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, waziri anaweza, baada ya kushauriana na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, kutangaza jengo kuwa turathi ya kihistoria kupitia Gazeti Rasmi la serikali, na umri wa jengo si kizuizi. Katiba ya 2010 inautambua utamaduni katika kifungu cha 11, na jedwali lake la nne linazipa kaunti kazi ya makumbusho na shughuli za utamaduni. Kwa hiyo mkazi wa Masimba hahitaji kungoja Nairobi: afisi ya utamaduni ya kaunti ndiyo ya kuanzia.

Mifano ya kuonyesha wageni ipo. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa 1971, ilijenga boma la Kisii miongoni mwa maboma ya jamii mbalimbali, na Makumbusho ya Kisumu yana boma kamili la Kijaluo. Ni vizuri, lakini mtoto wa Gesusu au Kiamokama hapaswi kupanda basi ili kuona nyumba ya bibi yake.

Nina moja nyumbani. Niitunzeje?

Anza chini, si juu. Chimba mtaro mdogo kuzunguka nyumba ili maji yasisimame kwenye ukuta. Kuta nyingi hufa kwa unyevu wa miguuni kabla paa halijaharibika. Chunguza nguzo kama zimeingiwa na mchwa, na uzibadilishe moja baada ya nyingine, kamwe si zote kwa pamoja.

Ukuta ukipasuka, ukandike kwa udongo uleule uliochanganywa na samadi. Usipake saruji. Saruji ni ngumu kuliko udongo na haipumui, kwa hiyo hunasa unyevu nyuma yake, kisha hubanduka na kuondoka na kipande cha ukuta. Vivyo hivyo, usitandike karatasi ya plastiki chini ya nyasi ukidhani unazuia kuvuja. Nyasi zitavunda. Nyasi zikipungua mahali fulani, ziba hapo kabla ya masika, usingoje shimo.

Moto ni adui wa kweli. Weka taa ya sola badala ya koroboi, na usirundike kuni kavu chini ya upenu. Gusii pia ina radi nyingi. Nyumba ya nyasi haikingi mtu na radi, kwa hiyo ngurumo zikianza, watu wahamie jengo kubwa la kudumu, hasa lenye kizuia radi. Nyumba inayotembelewa na wanafunzi iwekewe kizuia radi na fundi anayeijua kazi hiyo.

Na kama sina nyumba wala nyasi?

Shule inaweza kuwa na zote mbili. Ukanda mwembamba wa nyasi ndefu kando ya uwanja, ukikatwa mara moja kwa mwaka, unaweza kutosha kuezeka nyumba ndogo moja baada ya misimu michache. Mzee anayejua aitwe afundishe, na alipwe kama fundi yeyote mwingine.

Na jambo la haraka kuliko hayo yote halihitaji hata senti. Likizo hii, nenda kwa magokoro (bibi) au sokoro (babu) ukiwa na simu na futi ya kupimia. Pima upana wa nyumba na urefu wa nguzo. Piga picha ya fito kwa ndani, picha ya fundo la kamba, picha ya mlango. Muulize jina la kila kipande kwa Ekegusii, nani alikata nyasi, zilitoka wapi, na risaga ilikuja watu wa upande gani. Rekodi sauti yake, kisha peleka nakala moja shuleni na nyingine katika afisi ya utamaduni ya kaunti. Fanya hivyo angali anaweza kukujibu.